Jefferson au CARE: dodoso lipi la kuwapimia manesi wa Mtwara?

Matroni akiambiwa apime jinsi wauguzi wake wanavyomwelewa mgonjwa, madodoso mawili hutajwa mapema: Jefferson, analojaza muuguzi, na CARE, analojibu mgonjwa. Kwa mazingira ya Mtwara tunapendekeza CARE, ila si kwa kila chumba.

Jefferson, la Chuo Kikuu cha Thomas Jefferson kule Philadelphia, muuguzi hulijaza mwenyewe. Lina sentensi 20, kila moja alama 1 hadi 7, jumla 20 hadi 140. Sentensi 10 zimegeuzwa, yaani kuzikubali ni dalili mbaya, na hapo ndipo hesabu huharibika: jibu lake hutolewa kwenye 8, yaani 2 inakuwa 6. Ukisahau kugeuza, aliyejibu vizuri kuliko wote ataambulia 80. Ukiona wodi nzima imerundikana karibu na 80, rudia hesabu kabla hujamwita mtu ofisini.

Tafsiri nayo ina mitego. Neno "empathy", yaani kumwelewa mtu, ukiliandika "huruma", wengi wanaelewa kusikitikia mtu. Na Kiingereza husema kuvaa viatu vya mwenzako, lakini hakuna nesi anayesema amevaa viatu vya mgonjwa. Husema "ingekuwa mimi". Kubwa zaidi, anayejaza anajua fika jibu gani linapendeza. Linganisha nalo kabla na baada ya mafunzo, basi. Usilitumie kupandishia mtu daraja.

CARE, la Stewart Mercer na wenzake wa Scotland (2004), humuuliza mgonjwa: alisikilizwa kweli? Alielezwa akaelewa? Maswali 10, alama 1 hadi 5, jumla 10 hadi 50. Likirukwa moja au mawili fomu bado inafaa: aliyejibu 9 akapata 36, gawa kwa 9, zidisha kwa 10, unapata 40. Yakizidi mawili, weka kando. Kwa kila anayepimwa, lenga fomu 50 hivi.

Wodini linachechemea. Mgonjwa amepita kwa nesi wa asubuhi, wa mchana na wa usiku. Sasa anampima yupi? Lipeleke kliniki ya wajawazito, ya kisukari, au kwa wagonjwa wa nje.

Bibi wa Newala aliyezoea Kimakonde asomewe na mtu asiye na sare anayekijua, akishachukua dawa zake, mbali na dirisha la nesi. Akisomewa na nesi yuleyule aliyemhudumia, atajibu 5 mpaka mwisho. Hiyo ni adabu tu. Fomu za 5 tupu zihesabu peke yake, na zikiwa nyingi mno, badilisha msomaji kwanza.