Old Warden: uwanja wa nyasi ambao mama aliutunza kwa ajili ya mwanawe

Nimefanya ufundi wa ndege kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa miaka thelathini na moja, kwa hiyo binti yangu aliposema atanipeleka nikaone ndege za zamani huko Uingereza anakoishi, nilikubali kwa kumridhisha tu. Nilitarajia makumbusho ya kawaida: ndege imetundikwa darini kwa nyaya, vumbi kwenye mbawa, injini kavu miaka na miaka. Nilipoingia hanga ya kwanza nikainama kuchungulia chini ya injini, mazoea ya kazi hayo, nikakuta sinia la kukingia mafuta, na ndani yake matone mabichi. Injini hii inafanya kazi! Nikamwita mjukuu wangu aje aone sinia kabla hajatazama ndege yenyewe.

Uwanja huu wa ndege, Old Warden, uko mashambani, Bedfordshire, si mbali na kituo cha treni cha Biggleswade. Njia ya kurukia ni nyasi tupu. Ukoo wa Shuttleworth ulinunua eneo hili mwaka 1872. Utajiri wao ulitoka kiwandani Lincoln, kwenye kampuni ya Clayton & Shuttleworth, iliyounda injini za mvuke na mashine za kupura nafaka. Mtoto pekee wa kizazi cha mwisho, Richard, alizaliwa 1909, akafiwa na baba angali mdogo, na urithi ukamfikia mwaka 1932 alipotimiza miaka 23. Mwaka huo huo alinunua ndege yake ya kwanza, de Havilland Moth yenye namba G-EBWD. Ipo hapo mpaka leo, na inaruka. Ndege nilizozihudumia mimi zilibadilisha wenyewe, rangi na hata nchi. Hii imelala mahali pamoja zaidi ya miaka tisini. Mafundi walioigusa mwanzo wote wameshazikwa, na bado kuna kijana anayekaza skrubu zake kila msimu.

Richard hakukusanya ndege ili zikae. Aliendesha magari ya mashindano pia, akashinda Donington Grand Prix mwaka 1935 kwa Alfa Romeo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vyuma chakavu vya angani. Blériot ya mwaka 1909 aliipata 1935. Blackburn ya mwaka 1912 ilifika kwake vipande vipande, akaanza kuifufua. Tarehe 2 Agosti 1940, akiwa rubani wa jeshi la anga, alianguka na ndege ya mafunzo usiku, akafa. Hakuwa na mke wala mtoto. Mama yake, Dorothy, angeweza kuuza kila kitu. Badala yake, mwaka 1944 aliweka mali yote chini ya wakfu kwa jina la mwanawe, na tangu 1963 hanga ziko wazi kwa umma. Mimi nami nilimzika kijana wangu. Niliposoma habari hizo ukutani sikuweza kuendelea mara moja. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi.

Hanga moja ni karakana, na wageni wanaruhusiwa kutazama. Niliona ubawa umevuliwa kitambaa, mbavu za mbao zimebaki wazi, kila kiungo kimefungwa vizuri kwa gundi na misumari midogo. Nilimuuliza fundi mmoja maswali mengi kuhusu kitambaa na rangi ya kukikazia, naye akanijibu kama mtu wa kazi moja. Kwa huduma hiyo peke yake ningewapa nyota tano.

Halafu nikakutana na nyekundu ile. DH.88 Comet, G-ACSS, jina lake Grosvenor House: injini mbili, mwili wa mbao, marubani wawili wanakaa mmoja nyuma ya mwingine, na matangi ya mafuta mbele yao. Oktoba 1934 ilishinda mbio kutoka Mildenhall, Uingereza, hadi Melbourne, Australia, kwa saa 71 hivi. Watu wa Wilson, sikieni: mmoja wa marubani hao wawili alikuwa Tom Campbell Black, rubani aliyeanzisha Wilson Airways pamoja na Bibi Florence Kerr Wilson, Nairobi, mwaka 1929. Jina la mama huyo nimelivaa kifuani kwenye kitambulisho cha kazi nusu ya maisha yangu, na mbele yangu ilisimama ndege aliyoirusha mshirika wake. Mjukuu akaniuliza, "Babu, unalia?" Nikamwambia ndiyo.

Jioni tulikaa ukingoni mwa nyasi kuangalia maonyesho. Avro 504K ilipowashwa, harufu ya mafuta ya nyonyo ilitufikia kabla haijatembea. Injini yake si kama zetu: ekseli imefungwa kwenye mwili wa ndege, silinda zote ndizo zinazozunguka pamoja na pangaboi, na mafuta hayo ya kulainisha hayarudi, yanatupwa nje. Rubani akitaka kupunguza nguvu wakati wa kutua, anakata cheche kwa kitufe na kuirudisha, ndiyo maana unasikia inakohoa kohoa ikishuka. Nilikuwa nimesoma hayo chuoni. Kuyasikia kwa masikio ni jambo lingine kabisa.

Blériot haikutoka siku hiyo. Palikuwa na upepo kidogo tu, bendera ikipepea, lakini kwa mashine ya 1909 hiyo inatosha kuikatalia, na mimi ningekataa vilevile. Ukitaka kuona zile za zamani kabisa, chagua jioni tulivu ya kiangazi na usiondoke mapema, kwa sababu huachwa mwisho upepo ukishalala. Hakikisha kwanza kwamba siku unayokwenda kuna maonyesho ya kuruka, maana siku za kawaida utaona hanga tu. Beba sweta. Wazee wenzangu, bebeni na kiti cha kukunja.

Comet nayo ilibaki chini siku ile. Binti ameniahidi tutarudi mwakani, na nimemwambia safari hiyo tufike asubuhi, hanga zinapofunguliwa.