Miezi minne na Jeep ya Ami

Niseme mapema kwamba gari si langu. Ni la ami yangu, ndugu wa baba, aliyehamia Columbus, Ohio, tangu miaka ya tisini na mpaka leo anaendesha malori huko. Yeye alituma pesa. Mimi nikalitafuta, nikalitoa bandarini na kukaa nalo miezi minne mpaka aje kumwoza bintiye. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyelitia mafuta na kuliosha, si ya aliyelilipia.

Ni Jeep Grand Cherokee ya 2018, dizeli, lita 3.0, otomatiki, na limetoka Uingereza. Kila aliyeliona barazani aliniuliza swali hilohilo: ami yuko Marekani, mbona gari litoke Uingereza? Jibu ni usukani. Magari ya kule yana usukani kushoto, na hapa Kenya la namna hiyo halisajiliwi ila liwe la kazi maalumu. Ami alitaka kutuletea pikapu yake mwenyewe, Ford F-150. Nikamwambia, "Ami, hilo litakaa bandarini Kilindini mpaka chumvi ilile." Basi tukachukua hili, lililoundwa Detroit, Marekani, kwa usukani wa kulia, wakalitumia Waingereza, na lilipokaribia kutimiza ile miaka 8 ya mwisho ya kuruhusiwa kuingia nchini, likatufikia sisi.

Uzuri wake nitausema bila kinyongo. Ukishatoka kwenye foleni ya Mtwapa ukaingia ile njia ya mikonge ya Vipingo, unaelewa kwa nini watu wanalipenda. Limetulia, halipigi kelele, na ukitaka kulipita lori la saruji unakanyaga kidogo tu, lori limeshabaki nyuma. AC yake ni ya ajabu. Tulikwenda Kilifi mwezi wa kwanza, lile joto mnalijua, na mama akajifunika leso mpaka darajani.

Siku hiyohiyo ndipo tulipogundua vile vitufe. Gari hili lina kitufe cha kupasha viti joto na kingine cha kupasha usukani. Mombasa. Januari. Mpwa wangu alikuwa akibonyeza kila kinachowaka, na tulipofika Takaungu mama akaanza kulalamika kuwa mgongo unamuungua, huenda homa inamjia. Tukasimama, tukamnunulia maji, tukamshika paji la uso. Kumbe kiti.

Sasa upana. Bila kuhesabu vioo vya pembeni, gari hili lina karibu mita mbili, na uzito wake ni zaidi ya tani mbili. Kwenye feri ya Likoni askari alinipanga na malori. Mjini nilijaribu mara moja tu kuingia nalo Ndia Kuu, ile njia nyembamba ya Mji wa Kale. Mbele yangu mkokoteni wa maji, nyuma tuktuk mbili, nami nimekunja vioo na bado nahesabu vidole kati ya mlango na ukuta wa nyumba za watu. Mzee mmoja aliyekuwa barazani na kahawa yake akanitazama nikienda mbele na kurudi nyuma, kisha akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, hili ungeliacha Makadara, ukaja kwa miguu." Tangu siku hiyo linalala Makadara.

Mafuta: ndani ya mji napata kilomita 7 kwa lita. Toyota Probox yangu ya petroli hunipa 14. Sina la kuongeza hapo.

Nilipompigia Ami kumlalamikia upana, alicheka. Kwake hilo ni gari la kadiri. Kule anatoka nyumbani mpaka kazini maili arobaini, barabara ya njia sita, sehemu ya kuegesha ni kubwa kama uwanja wa Tononoka, na mafuta kwa miaka mingi yamekuwa rahisi kuliko Ulaya. Pikapu za Ford za jamii ya F zinaongoza kwa mauzo miongoni mwa pikapu za Marekani tangu 1977, hazijawahi kushushwa. Na si mapenzi matupu. Tangu 1964 serikali yao inatoza ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu zinazotoka nje, ushuru uliozaliwa na ugomvi wa biashara ya kuku baina yao na Wazungu wa Ulaya. Wallahi, kuku. Basi kampuni za magari za Detroit zikakaa nyuma ya ukuta huo, faida yao ikawa kwenye magari makubwa, na yale madogo wakawaachia Wajapani.

Hesabu hiyo ilikuja kuwageuka 2008. Mafuta yalipanda mpaka zaidi ya dola 4 kwa galoni, kisha benki zikaanguka na mikopo ya magari ikakauka. Mwezi Novemba wakuu wa General Motors (GM), Ford na Chrysler, iliyokuwa ikiunda Jeep, wakaenda Washington kuomba msaada, na kila mmoja akaenda kwa ndege yake binafsi. Walizomewa nchi nzima. Mwezi uliofuata wakarudi kwa gari. Rais Bush akawapa GM na Chrysler mikopo ya dola bilioni 17.4 kabla mwaka haujaisha, lakini haikutosha: Chrysler ikafungua kesi ya kufilisika Aprili 30, 2009, na GM ikafuata Juni 1. Ford ilipona bila pesa hizo kwa kuwa 2006 ilikuwa imeshaweka rehani karibu kila kitu, hata ile nembo yake ya buluu.

Ami ana lake katika hayo. Mwaka ule alikuwa akibeba vipuri vya magari kutoka Ohio kwenda Michigan, na aliyekuwa akimpa mzigo akampunguza kazini. Alikaa miezi saba nyumbani akitazama kwenye televisheni jinsi bilioni zinavyogawiwa. Ndiyo maana nilipomwuliza kwa nini Jeep, kwa nini asinunue Prado kama watu wote, alinijibu hivi: "Mwanangu, hilo nimelilipia mara mbili. Kodi yangu imo humo ndani."

Na kweli imo. Umbo hili la Grand Cherokee ndilo lililotoka kiwandani mara tu Chrysler iliposimama tena. Rais Obama mwenyewe alikwenda kulitazama katika kiwanda cha Jefferson North, Detroit, Julai 2010. Injini niliyokuwa nikiisikiliza kila asubuhi imetoka Italia, maana katika uokoaji ule Chrysler ilitiwa mikononi mwa Fiat ya Italia. Sehemu kubwa ya mikopo ikarudishwa 2011, ingawa serikali ilipofunga vitabu ilikuwa imepoteza kama dola bilioni 1.3. Kwa GM ilipoteza zaidi ya bilioni 10.

Lakini kisa ninachokipenda mimi, na ambacho nimekisimulia barazani mpaka watu wamechoka, ni kile cha magari chakavu. Majira ya joto ya 2009 serikali yao ilimwambia mwananchi: lete gari lako linalokunywa mafuta, tukupe mpaka dola 4,500 ununue jipya linalokunywa kidogo. Zikatoka karibu dola bilioni 3, yakaletwa magari kama laki saba. Yale ya zamani hayakuuzwa tena. Fundi alimwaga oili yote, akatia maji ya sodiamu siliketi, akawasha, na injini ikazunguka mpaka ikakwama yenyewe. Injini nzima! Nilipowaeleza mafundi wa Kongowea, mmoja alishika kichwa kama aliyepewa habari ya msiba.

Na je, walirudisha gari gani kwa wingi? Ford Explorer. Wakanunua gani kwa wingi? Toyota Corolla. Yaani mfuko ulipobana, Mmarekani alichagua kile ambacho dereva wa teksi wa hapa Mombasa alikuwa ameshakichagua bila kupewa hata senti na serikali. Mafuta yaliposhuka bei, akarudi kwa makubwa yake, na 2018 Ford ikatangaza kwamba Amerika Kaskazini itaacha karibu saluni zote, na lile gari lake la mbio, Mustang, litabaki.

Turudi kwa gari. Mwezi wa tatu lilikaa bila kuwashwa wiki tatu, kwa uvivu wangu, na mlango wa nyuma haukufungwa vizuri. Nikabonyeza kitufe, kimya. Nikamwita fundi wa gereji moja ambayo sitaitaja. Akafungua boneti akitafuta betri. Akatafuta. Akapiga tochi, akalala chini, akatoka. Baada ya dakika ishirini akaniambia kwa uso mkavu kwamba kompyuta imekufa, shilingi 85,000, na lazima iagizwe Dubai. Nusura nimtumie Ami bili. Kijana mmoja wa Majengo aliyekuwa akipita na spana mfukoni ndiye aliyeniuliza kama nimesoma kitabu. Kitabu kilikuwa ndani ya dashibodi miezi yote mitatu. Betri ya gari hili iko chini ya kiti cha mbele, unasogeza kiti, unafunua zulia, hiyo hapo. Tukanunua mpya, 27,000, kijana nikampa 1,000 na chai.

Kwa hiyo maoni yangu: kama unakaa Nyali au Vipingo, una geti pana, na safari zako ni Malindi au Nairobi, hili ni gari la raha na kwa bei yake hupati kwingine viti kama hivi. Ila tafuta fundi kabla hujatafuta gari. Spea zipo lakini nyingi ni za kuagiza, na dukani Mwembe Tayari ukitaja Jeep wanakutazama kwanza kabla ya kukujibu. Kama unakaa kisiwani, hapana.

Ami alifika wiki mbili kabla ya harusi. Alilitoa mwenyewe uwanja wa ndege, mara mbili akaelekea upande usio wake, nikawa nashika dashibodi na kusoma dua. Nyumba ya harusi iko Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, na gari halifiki. Siku ya tatu akaniomba ufunguo wa Probox. Siku ya nne hakuniomba, aliuchukua tu.

Jeep sasa inauzwa. Betri ni mpya, vitufe vyote vinafanya kazi, hata vile vya kupasha viti. Mwenye kuitaka asiitafute Kibokoni, inalala Makadara.