Masta ya ualimu wa biolojia Bukavu: soma maketi (orodha ya masomo na krediti zake), ingia labo, ndipo ulipe minervali (karo)

Anayetaka kufundisha biolojia Bukavu, mashariki mwa Kongo, ana milango miwili: ISP (chuo kikuu cha ualimu), au fakulte ya sayansi kisha agregasio (mafunzo ya ualimu). Kwa mwenye nia ya darasa, tunaiweka ISP mbele. Ipo tangu miaka ya 1960, na didaktiki (mbinu za kufundisha somo) na staji (mazoezi ya kufundisha shuleni) zimo ndani ya masomo yenyewe. Fakulte inatoa biolojia nzito zaidi, ila bila agregasio mtu anatoka akiijua seli na hajui kuandika fisha ya somo, yaani mpango wa kulifundisha.

Hesabu ya miaka inawachanganya wengi. Zamani ilikuwa graduat miaka 3, lisansi 2. Kwa LMD (mfumo wa lisansi, masta, doktora), iliyoanza mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka 3 (krediti 180) na masta 2 (krediti 120). Kwa hiyo lisansi ya zamani, ya miaka 5, na ya sasa si kitu kimoja. Mwenye diplome ya mfumo wa zamani adai barua inayotaja anaingia mwaka gani na krediti ngapi zimetambuliwa. Neno la mdomo kutoka aparitora (ofisi ya kuandikisha wanafunzi) halitoshi.

Kwenye maketi, tafuta krediti za didaktiki ya biolojia na za staji. Uliza pia kama wanagusa programu mpya ya shule ya darasa la 7 na la 8, ambako biolojia iko ndani ya sayansi za maisha na dunia. Wanaoishia kwenye botania na zoolojia za kizamani watakuacha njiani.

Labo ndiyo inayotenganisha programu. Usiridhike na hadubini zilizopangwa kabatini. Omba utazame ganda la kitunguu kwa lenzi ya 40 (inayokuza mara 40). Lenzi ikiwa na ukungu utaona kivuli tu. Hadubini za kioo cha kuakisi mwanga tunazipenda kuliko za taa, maana mwanga wa dirishani haukatiki. Wanafunzi wakizidi watano kwa hadubini moja, wawili wanatazama, waliobaki wananakili mchoro.

Shule nyingi hazina labo, basi TP (kazi za vitendo) nazo zifanyike kwa vitu vya nyumbani. Chukua jaribio la wanga: jani lililokaa juani linachemshwa dakika moja au mbili, linawekwa kwenye alkoholi ya moto mpaka lipauke, linasuuzwa, kisha matone ya Lugol (maji ya iodini). Likigeuka bluu-nyeusi, wanga upo. Alkoholi ikiwekwa juu ya mbabula (jiko la makaa) inashika moto. Chombo chake kikae ndani ya sufuria ya maji ya moto iliyokwisha kuepuliwa. Na kijani kisipotoka chote, rangi ya Lugol haionekani, darasa zima linaandika jibu la uongo. Profesa anayeimla silabasi tu hawezi kukufundisha hayo.

Safari za masomo, kama kituo cha utafiti cha Lwiro au hifadhi ya Kahuzi-Biega, zinategemea usalama. Zisipokuwa kwenye maketi, zitalipwa pembeni. Isambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanatosha kwa somo la ekolojia na wako sokoni.

Memwari (andiko la utafiti la kumalizia masomo) ndiyo inayochelewesha watu: mpate direkta (msimamizi) wake mapema, mwenye muda wa kusoma. Na jina liandikwe vilevile, herufi kwa herufi, kuanzia diplome ya Leta (ya kumaliza sekondari) hadi ya masta. Tofauti ndogo inaweza kuzuia dosie yako ya mshahara.