Kiendeshi Kipi Ununue kwa Mota ya Hatua: Kutoka Bora Hadi cha Kuepuka

Anayetaka kuizungusha mota ya hatua (stepper, yaani mota inayozunguka hatua moja moja) kwa mikrokontrola hana budi kununua kiendeshi, yaani saketi inayoilisha mota umeme kwa amri ya mikrokontrola, kwa sababu pini ya mikrokontrola hutoa miliampea chache tu ilhali koili ya mota mara nyingi huhitaji ampea nzima au zaidi. Wanunuzi wengi hutazama volti zilizoandikwa kwenye mota, kisha wakatafuta kiendeshi cha volti hizo. Jambo la kutazama kwanza ni ampea za kila koili, na iwapo kiendeshi kina uwezo wa kuzidhibiti.

Chukua mota ya NEMA 17 (NEMA ni kipimo cha ukubwa wa uso wa mota) ya ampea 1.5, yenye koili za omu 2. Ikiwa imesimama, volti 3 zinaitosha. Inapozunguka kwa kasi, koili hupinga mabadiliko ya mkondo, hivyo volti 3 hazitoshi kuukuza mkondo kabla ya hatua inayofuata, na mota hulegea. Ndiyo maana kiendeshi kizuri hulishwa volti 12 au 24, kisha chenyewe hukata na kurudisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili mkondo usivuke kiwango ulichokipanga.

Kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza naipa TMC2209. Hupokea volti 4.75 hadi 29, huhimili takriban ampea 2 kikipozwa vizuri, na hugawanya mwendo hadi sehemu 256 kwa kila hatua kamili, kiasi kwamba mota huzunguka karibu kimya. Mkondo unaweza kupangwa kutoka kwenye programu kupitia UART, njia ya mawasiliano ya waya kati ya chipu. Kwa kifaa kitakachokaa chumbani mwa watu, utulivu huo pekee unastahili gharama ya ziada.

Cha pili ni DRV8825, kikifuatwa kwa karibu na A4988, ambacho pini zake zimepangwa karibu sawa. DRV8825 hufika volti 45 na sehemu 32 kwa hatua, na huhimili takriban ampea 1.5 bila kipoza joto. A4988 huishia volti 35, sehemu 16 na takriban ampea 1. Vyote viwili hupangwa kwa bisibisi ndogo, huku multimita ikisoma volti ya rejea, ile inayoweka kiwango cha mkondo, kwenye potenshiometa (kirekebishi kidogo cha kuzungushwa). Kwa DRV8825 yenye rezista za kupimia mkondo za omu 0.1, mkondo ni mara mbili ya volti hiyo, kwa hiyo volti 0.75 huleta ampea 1.5. Kwa A4988, ili kupata mkondo gawanya volti ya rejea kwa mara nane ya ukinzani wa rezista, nawe usome kwanza thamani iliyochapwa juu ya rezista zenyewe, maana watengenezaji wa bodi hutofautiana.

Mota kubwa kama NEMA 23 zinahitaji DM542, yenye kilele cha ampea 4.2 na volti 20 hadi 50. Ni kiendeshi imara sana. Kinashuka hadi nafasi ya nne kwa kuwa miradi mingi haihitaji ukubwa huo.

ULN2003 ni ya kununua ikiwa pamoja na mota ndogo ya 28BYJ-48 ya volti 5, ambayo kwa giya zake huhitaji takriban hatua 2,048 kukamilisha mzunguko mmoja. Inafaa kwa mwendo wa taratibu na mzigo mwepesi.

L298N naiweka mwisho, ingawa hupendekezwa mno kwa wanaoanza. Hupoteza volti 2 au zaidi kama joto, na bodi zake za kawaida hazidhibiti mkondo. Ile mota yetu ya omu 2 ikiunganishwa nayo kwa volti 12 ingevuta takriban ampea 5, wakati kikomo cha L298N ni ampea 2 kwa kila upande.

Pamoja na kiendeshi, nunua kapasita ya mikrofaradi 100 yenye volti zinazozidi za chanzo chako, uifunge karibu kabisa na pini za umeme wa mota, ukizingatia chanya na hasi. Kabla ya kuunganisha waya nne za mota, zipime kwa multimita: mbili zinazoonyesha omu chache ni koili moja. Unganisho la ardhi la mikrokontrola na la kiendeshi cha aina ya A4988 au TMC2209 liwe moja, na usichomoe waya ya mota wakati umeme umewashwa, kwa kuwa mruko wa volti kutoka kwenye koili unaweza kuua kiendeshi papo hapo.