Chumba cha mbele: duka au makazi?

Mwenye nyumba Majengo akiwa na chumba kinachotazama barabara, huanza kuwaza duka. Kodi yake hupanda, kweli. Lakini ukimpa muuza mchele kwa maneno ya mdomo tu, upangaji wake tayari unalindwa na Sura ya 301, sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka na hoteli, sawa na mkataba ulioandikwa wa miaka 5 au chini yake. Kumtoa au kumpandishia kodi kunataka notisi ya fomu maalumu, isiyopungua miezi 2, yenye sababu. Mpangaji akipinga kwenye baraza la kodi za biashara, notisi husimama mpaka shauri liamuliwe. Kufuli usithubutu: jirani yangu mmoja alilifunga duka la mpangaji wake, unga ukaingia fukusi humo ndani, na aliyeshtakiwa akawa yeye.

Chumba cha kuishi ni chepesi zaidi. Kodi ikizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, baraza la kodi za makazi halihusiki. Upangaji wa mwezi kwa mwezi hukatizwa kwa notisi ya mwezi 1. Akigoma kuhama, nenda mahakamani, usimtolee vyombo nje.

Mimi ningempangishia familia, na risiti ningeandika kila mwezi, hata kwa mpwa wangu.