TAHADHARI: Lenzi za siku moja zinauzwa Dodoma kama lenzi za mwaka

Ndugu zetu wa Dodoma, hasa wanafunzi wa UDOM mnaojiandaa na mahafali na mabibi harusi watarajiwa, someni hili kabla hamjatuma hela kwa muuzaji yeyote wa lenzi za macho kwenye WhatsApp au Instagram.

Mchezo wenyewe uko hivi. Lenzi laini zilizotengenezwa zivaliwe siku moja na kutupwa zinatolewa kwenye pakiti zake, zinatumbukizwa kwenye vichupa vya kioo vyenye maji, kisha zinatangazwa kuwa ni "lenzi za mwaka mzima". Boksi la kawaida la lenzi za siku lina vipande 30. Muuzaji anapata jozi 15, na kila jozi anaiuza kwa bei ya kitu cha kudumu. Siku ya kwanza mvaaji anaona vizuri kabisa, ndiyo maana wengi wanaendelea kuaminiana na kupeana namba ya muuzaji.

Madhara yanakuja baadaye. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, haina mishipa ya damu, na oksijeni yake kubwa inatoka hewani kupitia machozi. Lenzi ya siku moja ni nyembamba sana, haikuundwa kusuguliwa kiganjani kila usiku wala kulazwa kwenye dawa. Ikirudiwarudiwa, protini na mafuta ya machozi vinaganda juu yake, kingo zinachanika kidogo kidogo pasipo kuonekana, konea inachubuka. Mchubuko huo ndio mlango wa bakteria. Mmoja wao, Pseudomonas, anaweza kuharibu konea ndani ya siku mbili tatu, na kidonda hata kikipona kinaacha kovu jeupe mbele ya mboni. Kovu hilo haliondoki kwa dawa ya matone.

Namna ya kuzitambua. Lenzi halali ya siku, ya wiki mbili au ya mwezi inakuja kwenye kijipakiti cha plastiki kilichozibwa kwa karatasi ya alumini, na juu ya karatasi hiyo yameandikwa namba ya toleo (LOT), tarehe ya mwisho wa matumizi (EXP), na vipimo: BC (mbinuko wa lenzi), DIA (kipenyo chake) na nguvu ya lenzi. Ukiona alama ya duara lenye namba 2 iliyokatwa mstari, maana yake ni kutumia mara moja tu. Vichupa vya kioo halali vipo, hilo tuseme wazi, lakini vinafungwa kwa mfuniko wa mpira wenye pete ya alumini ambayo lazima uibandue, na lebo yenye maandishi yale yale. Kichupa cha mfuniko wa kuzungusha kwa mkono, au chenye stika iliyoandikwa "grey" au "hazel" tu, usikinunue hata kikishushwa bei mara tatu.

Jambo la pili, na hapa ndipo tunaomba mtulie. Muuzaji akisema "hizi zinamfaa kila mtu", jua anauza bila kupima. BC ni mbinuko wa ndani wa lenzi kwa milimita. Nyingi za lenzi laini ziko kati ya 8.3 na 9.0. DIA ni kipenyo, mara nyingi 13.8 hadi 14.5. Lenzi iliyokaza haichezi unapopepesa, machozi hayapiti chini yake, uchafu unabaki umenaswa, na jioni jicho linakuwa jekundu kuzunguka konea. Iliyolegea inatembea, inakwaruza kope, na kuona kunafifia kila unapopepesa. Hakuna namna ya kujua inavyokaa bila mtaalamu kuitazama ikiwa jichoni, kwa mashine ya kukuza yenye mwanga mwembamba. Hata lenzi ya rangi isiyo na nguvu yoyote, ya urembo tu, inahitaji kipimo hicho. Zile zinazotangazwa kukuza macho mara nyingi zina kipenyo kikubwa kuliko kawaida, na hufunika sehemu kubwa zaidi ya jicho.

Wengine wanaomba upige picha cheti cha miwani, kisha wanakutumia lenzi za namba ile ile. Ni kosa. Miwani inakaa kama milimita 12 mbele ya jicho, lenzi inagusa jicho lenyewe. Mwenye -3.00 hataona tofauti kubwa, lakini mwenye -6.00 kwenye miwani huhitaji karibu -5.50 kwenye lenzi, na mwenye -8.00 karibu -7.25. Cheti kikiwa na namba kwenye safu za CYL na AX, una astigmatizimu, yaani jicho halijapinda sawasawa pande zote, na unahitaji lenzi maalumu inayojiweka sawa kwenye mhimili wake. Muuzaji akikwambia "tutajumlisha tu tukupe moja", atakuuzia ukungu. Mwenye konea iliyochongoka, na wapo vijana wengi waliofikia hapo kwa miaka ya kufikicha macho yenye mzio, kwa kawaida husaidiwa na lenzi ngumu inayopitisha hewa au lenzi pana inayokaa juu ya sehemu nyeupe ya jicho. Hizo zinapimwa kwa mtu mmoja mmoja.

Kwa hali ya hewa yetu tunaongeza hili. Upepo wa Agosti hadi Oktoba na vumbi jekundu la Dodoma havipatani na kila lenzi. Matangazo yanasifia lenzi "yenye maji mengi", lakini kwenye hewa kavu lenzi za namna hiyo hukauka upesi na kubana jicho. Lenzi za plastiki laini iitwayo silikoni haidrojeli kwa kawaida zina maji machache na zinapitisha oksijeni nyingi zaidi. Mwenye mzio wa vumbi anafaa zaidi kutumia za siku moja za kweli: vaa asubuhi, tupa jioni, siku inayofuata fungua nyingine. Kama bajeti haitoshi, vaa miwani siku za kawaida na lenzi siku za shughuli.

Halafu kuna "maji ya lenzi" yanayotolewa bure na mzigo. Yanaweza kuwa maji ya drip tu, yaani maji ya chumvi ya hospitali, yaliyomiminwa kwenye chupa ndogo. Maji ya chumvi husuuza tu, hayaui vijidudu. Dawa halisi ya lenzi huja kwenye chupa iliyozibwa kiwandani, na ukishaifungua ina ukomo, mara nyingi siku 90. Mwaga dawa ya jana yote, usiongezee mpya juu ya ya zamani, na kikasha kibadilishe kila miezi mitatu. Maji ya bomba, ya simtenki au ya chupa ya kunywa yasiguse lenzi kabisa. Ndani yake anaweza kuwemo amiba aitwaye Acanthamoeba, ambaye matibabu yake huchukua miezi na maumivu yake ni makali. Wanaotawadha, vua lenzi kwanza, kausha uso na mikono ndipo uvae tena. Mate pia hapana. Na kwenye saluni, kujaribisha lenzi moja kwa wateja watatu ili wachague rangi ni kuambukizana ugonjwa wa macho.

Kama umeshanunua na jicho linauma, limekuwa jekundu, linaogopa mwanga au linaona ukungu, vua sasa hivi. Usifunge jicho kwa bandeji. Usinunue matone yenye dexamethasone duka la dawa. Yanaondoa wekundu huku maambukizi yakiendelea chini kwa chini. Nenda siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye idara ya macho, Benjamin Mkapa au Mvumi kwa mfano, ukiwa na lenzi hizo ndani ya kikasha chake pamoja na chupa ya maji uliyopewa. Maabara inaweza kuotesha vijidudu kutoka humo na daktari akajua ampe jicho dawa gani.

Kichupa, lebo, picha ya tangazo na ujumbe wa muamala wa simu usivifute wala kuvitupa. Vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na taarifa yenye namba ya toleo au picha ya kichupa kisicho na namba hiyo ndiyo wanayoweza kuifanyia kazi.