Dawa ya meno ya Sensodyne kwa meno yenye ganzi: maoni yangu baada ya miezi mitatu

Kwa miaka mingi nilipenda embe bichi la chumvi na pilipili, na nilikuwa nikipiga mswaki mara tu baada ya kulila nikidhani ninayatunza meno, kumbe asidi ya embe ilikuwa imekwisha kulainisha enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, na mswaki mgumu ukaendelea kuikwangua na kuila. Mwishowe hata maji ya mtungi yalinichoma jino la pembeni hadi nikafumba macho.

Nilinunua Sensodyne yenye nitrati ya potasiamu ya asilimia 5, chumvi ambayo hutuliza mishipa ya fahamu ndani ya jino polepole, kwa hiyo anayetarajia nafuu ya siku moja atavunjika moyo bure. Wiki ya kwanza sikuona tofauti yoyote. Wiki ya tatu nilikunywa maji baridi bila kusita. Povu lake ni dogo, nami nimelipenda hivyo.

Lazima niseme wazi kwamba dawa hii haioteshi enameli iliyokwisha kulika, kwani mwili hauwezi kuitengeneza upya. Floraidi iliyomo huimarisha ile iliyobaki. Ndiyo maana daktari wangu wa meno alinishauri nitumie mswaki laini, nisubiri angalau dakika 30 baada ya kula kitu kichachu, na niteme povu bila kusukutua kwa maji. Inahitaji kutumiwa mfululizo: niliisahau nyumbani nikiwa safarini kwa wiki mbili, na jino lilelile likaanza tena kuuma.